Pingili Mbili Kwenye Njia ya Liboi

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, katikati ya miaka ya tisini, niliingia karakana na viatu vinavyong'aa na diploma ya umekanika niliyoipata India. Karo nililipa mwenyewe kwa kuziba pancha. Kabla ya chai, karakana nzima ilikuwa imeshalisikia hilo.

Afisa wa Usafiri alinionyesha pikapu iliyofungwa trela. Trela ilibeba injini ya pampu ya kisima kimoja njia ya Liboi. Ya zamani ilikuwa imekufa, na mifugo ilisubiri maji.

"Ifike leo," alisema. "Ng'ombe hawanywi diploma."

Trela ilikandamiza mkia wa pikapu hadi pua ikatazama mawingu. Magurudumu ya mbele yakiwa mepesi hivyo, usukani hautii. Dawa ya dereva, Mzee Abdi, ilikuwa wapakiaji wawili juu ya boneti.

"Wallahi, injinia, hao ndio uzito wangu."

Niliwahamishia nyuma. Nikafunga, kati ya pikapu na trela, kiungo kilicholala stoo: vyuma viwili vya springi, kila kimoja kikivutwa juu kwa mnyororo. Hakipunguzi mzigo hata kidogo; huugawa tu, sehemu ikienda magurudumu ya mbele, sehemu ikirudi kwenye ekseli ya trela. Nilipima kimo cha madigadi kwa shubiri. Pua ilikuwa imeshuka sawasawa. Nikavuta pingili mbili zaidi za kila mnyororo, kwa raha tu.

Tulielea. Joto liliyeyusha ukingo wa nchi, twiga wakapita mbali kama hawana miguu, na usukani ukatii kidole kimoja.

Kisha laga, mto mkavu wa mchanga. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure.

"Warya, injinia," aliita mpakiaji mmoja, "sasa tukalie wapi?"

"Umeiba uzito wa nyuma," alisema Mzee Abdi, taratibu. "Rudisha."

Nilipiga magoti na suruali yangu ya pasi, nikalegeza pingili zile mbili. Gari likauma mchanga, likapanda. Alasiri maji yalitoka, na ng'ombe wakanywa bila kuinua vichwa.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa karakana ile. Mafundi wangu wametapakaa hadi Mandera. Nikisinzia mchana, naiona pikapu ikielea juu ya joto. Huko ndotoni nasimama kabla ya laga, napiga magoti, nalegeza pingili mbili. Mzee Abdi hajafungua mdomo bado.