Mbuzi wa Krismasi na Vita vya Watu wa Mbali

Andika taratibu, mjukuu wangu, wala usiongeze neno nisilolisema. Sikusoma, lakini masikio yangu yanajua pale habari inapotiwa chumvi.

Tangu mama yako, ambaye ni binti yangu, alipoolewa na mwalimu Mwislamu aliyetoka pwani na kupangiwa kazi Kasulu, mbuzi wa Krismasi hapa kwangu Kitahana amekuwa akichinjwa na huyo mwalimu, baba yako. Sisi ni Wakristo. Lakini katika nyumba yenye wakwe na majirani wa dini mbili, kisu hushikwa na Mwislamu, ili asiwepo mgeni wa kukaa kando akila wali mtupu. Hakuna aliyetuamuru, ndivyo tulivyozoea. Baba yako alikuwa akija na kisu chake kimefungwa katika gazeti, akikinoa pale nyuma ya jiko, huku mjomba wako, mwanangu wa kiume, akimshika mbuzi na kumtania kwamba watu wa pwani huogopa pembe.

Mwaka ule vita vya Gaza vilikuwa vimeingia katika kila simu. Mjomba wako, ambaye ameokoka, alikuwa amefunga bendera ya Israeli kwenye pikipiki yake, kama walivyofanya vijana wengine wa Kibondo. Baba yako naye hakulala kwa ajili ya picha za watoto waliofukiwa na vifusi. Mliposhuka stendi siku moja kabla ya sikukuu, mjomba wako alikuwa pale kupokea mizigo.

"Shemeji, begi langu halipandi hapo," baba yako alisema, akiitazama bendera.

"Basi litembee. Lina miguu?"

Mliniambia kwamba walicheka. Natamani wangeishia hapo.

Kwa desturi niliyolelewa nayo, mama mkwe hali pamoja na mkwe wake wa kiume. Kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana siku ileile nilikuwa jikoni, na yote niliyasikia kupitia ukutani. Walikuwa wakitafuta namna ya kuvimaliza vita vile. Mjomba wako alisema Waarabu wana nchi nyingi na kubwa, basi Wapalestina wahamie huko, ardhi ile ibaki kwa waliopewa na Mungu. Baba yako alisema waliotoka Ulaya warudi Ulaya, na kila aliyefukuzwa arudishiwe nyumba yake. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo wa kuwaongezea, mwiko ukasimama. Mimi nilihamishwa nikiwa msichana, tulipoambiwa wote tukaishi katika vijiji vipya vya ujamaa. Nilitembea na chungu kichwani, na nyuma yetu nyumba ya baba yangu ilikuwa ikiungua ili tusirudi. Nilishangaa kuwasikia wanaume wawili ninaowapenda wakihamisha watu kwa wepisi namna ile, midomo yao imejaa maharage.

Kisha mjomba wako akalitoa neno lililovunja nyumba.

"Ninyi mnapenda kutawala kila kitu. Hata mbuzi wa mama yangu, mpaka mchinje ninyi!"

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa natawala," baba yako alisema polepole. Kisha akamwita mama yako: "Mama watoto, fungasha."

Mliondoka na basi la mwisho la kwenda Kasulu. Wewe ulilia hadi ukatapika. Liandike hilo pia, usiliruke. Mama yako alinikumbatia, na nilijua kwamba nikiliacha jambo lile lipoe, nitakuwa na binti wa kuongea naye kwenye simu tu.

Jioni mjomba wako akaja na kisu cha jikoni.

"Mama, nimchinje?"

"Mguse uone."

"Sasa kesho wageni watakula nini?"

"Maharage."

Walikula maharage. Daktari wa kituo cha afya, ambaye kwao ni Kilimanjaro, alimtazama mbuzi akitafuna maganda ya ndizi uani, akauliza kama ni mgonjwa. Nilimjibu mbele ya watu wote kwamba mbuzi ni mzima, ila mchinjaji amefukuzwa na mwanangu kwa ajili ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona.

Basi kila mtu akawa na dawa yake. Daktari alisema ziwe nchi mbili, mipaka iandikwe na dunia isimamie. Jirani yetu fundi baiskeli, naye Mwislamu, alisema iwe nchi moja, wote wapige kura, atakayeshindwa avumilie. Katekista alisema vita vile havina suluhu mpaka mwisho wa dunia.

"Basi na sahani yako tuiweke, utakula siku hiyo," alisema jirani yangu wa ng'ambo ya migomba, na watu wakacheka.

Jirani huyo ni mama aliyekuja kutoka Burundi akiwa mkimbizi, na sasa ni Mtanzania kama mimi. Mjomba wako alimuuliza yeye angefanyaje.

"Mimi nilirudi kule kulitazama shamba la baba," alisema. "Nikakuta watu wamejenga, na watoto wao wamezaliwa palepale."

"Mkawatoa?"

"Nilitaka sana. Na wao walitaka nifie njiani. Wazee wakaligawa, kila upande ukaondoka umenuna. Mpaka leo tukikutana, salamu inatoka kwa shida."

"Sasa hiyo nayo ni suluhu, mama?"

"Sikusema ni suluhu, mwanangu. Nimesema hakuna aliyezikwa."

Wageni walipoondoka, mjomba wako aliosha vyombo vyote mwenyewe, kazi ambayo hakuwa ameigusa tangu aote ndevu. Nilikaa karibu yake.

"Unataka nikaombe radhi kwa kuipenda Israeli?" aliniuliza.

"Mpende umpendaye. Shemeji yako naye awalilie anaowalilia, na mimi nawalilia. Lakini mtu huyu alichinja ili jirani zako wale, nawe ukamwambia anatawala. Neno hilo ndilo litakalokupeleka Kasulu."

"Nikifika nimwambieje?"

"Umezaliwa na mdomo. Ulipolitoa hukuniuliza."

Alipanda basi asubuhi. Walichoambiana huko sikukiuliza. Wewe ulikuwepo, lakini usikiandike. Ni mali yao. Ninachojua ni kwamba kabla ya mwaka mpya niliwasikia mkibishana njiani, nikajua mmekuja wote, nikaingia jikoni haraka ili mnikute nina kazi.

Baba yako alimlaza mbuzi kuelekea kibla. Mjomba wako alishika miguu, na hata kabla damu haijakauka alikuwa ameshaanza.

"Shemeji, nchi mbili nakubali. Ila Yerusalemu sitoi."

"Umepewa na nani, wewe mtu wa Kitahana? Shika mguu vizuri. Usinigawie nchi nikiwa na kisu mkononi."

"Mama!" mjomba wako akapaza sauti. "Wewe unaonaje? Nchi mbili au moja?"

Niliwajibu kupitia ukutani kwamba mipaka yao ipite wapi mimi sijui, waulizwe wenyewe wanaokaa pale. Lakini hapa uani kwangu, atakayeleta dawa yake aanze kwa kukubali kwamba wote wawili watakuwepo kesho.

Kisha baba yako akakuambia wewe, kwa adabu yake ileile: "Mwambie bibi nimesikia."

"Mimi bado nafikiri," alisema mjomba wako.

"Fikiri," nilimwambia, "lakini mniletee ini, mafuta yameshapata moto."

Wakalileta wote wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa sinia, na mlangoni wakaanza tena.