Usimwambie Mwenye Hofu Kwamba Hakuna Kitu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Usinicheke. Umekuja kuniaga na viatu vyako vipya, unaniambia Jumatatu unaanza kazi hospitali ya wagonjwa wa akili, eti kila kitu mmefundishwa. Haya, vizuri. Lakini kaa kwanza. Mimi kazi hiyo nimeifanya tangu usichana wangu, na niliowafundisha wametapakaa kuanzia Chamwino hadi Kilimatinde. Viatu havitachakaa kwa kunisikiliza.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Reli ilikuwa inakuja Dodoma, na vijana wetu wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kuijenga. Kaka yangu Masinga alichukuliwa. Huko alimwona rafiki yake akipigwa hamsa ishirini, vile viboko vya Mjerumani, mpaka akafa pale pale chini. Aliporudi nyumbani halali, hasemi. Akisikia chuma kikigongana, hata jembe na jiwe tu, anakimbilia porini. Halafu akakutana na askari njiani, akamrushia mawe. Hapo ndipo balaa lilipotuingia. Jumbe wa kijiji akatutumia habari kwamba askari mwingine anakuja kumtazama, na akionekana ni kichaa anafungwa mnyororo, anapelekwa boma la Mjerumani. Na waliopelekwa boma kwa mnyororo, mwanangu, hatukuwaona tena.

Masinga alikuwa kwa shangazi yetu Nyemo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatibu watu waliochafukwa akili. Mimi nilikaa kwake kujifunza. Nilitegemea nitafundishwa mizizi na majani, loh! Mama yule alikuwa akikaa na mgonjwa wakisokota kamba kutwa nzima, bila kumuuliza neno, mpaka mgonjwa mwenyewe afungue kinywa. Mimi niliona ni uvivu mtupu, na kwa Masinga kamba zilikuwa zimejaa nyumba lakini neno halijatoka.

Askari alipokuja, shangazi alikuwa kisimani. Nilimwona askari kwa mbali, mtu wa jumbe ametangulia akimwonyesha njia. Nikamvuta Masinga ndani ya tembe, nikamwingiza kwenye kilindo, lile pipa kubwa la magome tunamowekea nafaka.

"Tulia, kaka," nikamwambia. "Hakuna anayekuja. Hakuna kitu."

Masikini! Akaanza kutetemeka mpaka kilindo chote kinatikisika. Nilipomshika akanitolea macho kana kwamba mimi ndiye mwenye kiboko, akanisukuma nikaanguka. Nilimwogopa ndugu yangu wa tumbo moja, mwanangu, na aibu ya hofu ile ninayo bado.

Shangazi akaingia, mtungi kichwani. "Umemwambia nini?"

"Kwamba hakuna anayekuja."

"Mwongo mkubwa wee!" Alisema kwa sauti ya chini, na afadhali angenipiga. "Askari yuko kwa jirani, mnyororo unasikika mpaka huku, unamwambia hakuna? Sasa akuamini kwa lipi? Umemwacha na hofu yake peke yake."

Akainama juu ya kilindo. "Masinga, baba, anakuja. Ni kweli. Na mimi naogopa, tazama." Akanyoosha mkono wake, na kweli ulikuwa unatetemeka. Masinga akautazama mkono ule kwa muda mrefu. Kisha akaushika, akatoka.

Tukaketi uani tukisokota kamba, Masinga katikati yetu. Askari akaingia na bunduki, kiboko kiunoni, mnyororo begani. "Wangaluka," akasema, salamu ya kwao ikamponyoka kabla hajakumbuka ukali wake. Kumbe Mnyamwezi! Nawe unajua utani wetu Wagogo na watu wale. Babu zao walipita hapa na misafara ya pembe za ndovu, tukawadai hongo, ule ushuru wa maji ya visima vyetu, na tangu hapo tunatukanana bila mtu kununa. Lakini huyu alikuwa askari wa Mjerumani. Nani angethubutu?

"Ala, Mnyamwezi!" Shangazi hata hakusimama. "Pembe umeziacha wapi? Siku hizi wanakubebesha minyororo? Hongo ya babu yako umeileta, au umekuja kunywa maji yetu bure tena?"

Askari akamkazia macho, mkono ukashuka kwenye kiboko. Nikajua tumekwisha. Mtu wa jumbe alishaanza kurudi nyuma.

Ndipo Masinga, jasho likimtiririka, uso chini, akasema, "Hana cha kulipa huyo. Babu yake alitoroka na kibuyu chetu."

Askari akamtazama. Halafu akaangua kicheko mpaka akavua kofia. "Wagogo nyinyi mtadai hongo hata ahera!" Akamgeukia mtu wa jumbe. "Huyu ndiye kichaa wenu? Kichaa anayejua mtani wake?" Akanywa maji, akatutukana vizuri, akaenda zake na mnyororo wake.

Usidhani huo ndio ulikuwa mwisho. Alipotoweka tu, Masinga alianguka, akajikojolea, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwa mwanamume. Nikafungua mdomo nimwambie yamekwisha. Shangazi alinikata jicho, nikafyata ulimi. Na pale chini, katika mkojo wake, kaka yangu akaanza kusimulia habari za reli, akamtaja rafiki yake kwa jina. Hakupona yote. Hata alipopata wajukuu alikaa akitazama mlango. Lakini wajukuu aliwapata.

Basi sikia, mwanangu. Watakuletea watu wanaotetemeka, na ulimi utakuwasha kuwaambia hakuna kitu. Usiseme. Wamekiona kitu. Pengine hakipo tena, lakini walikiona. Kaa nao, subiri wakuambie walichokiona, na wewe ukiogopa usijifanye shujaa, maana hofu wanaijua kuliko wewe na watakugundua mara moja. Mimi mpaka leo mgonjwa mpya akiingia mlangoni moyo unanidunda, na siku utakapoacha kudunda nitaacha kazi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio makubwa na kinywa kidogo. Na kila atakayeletwa kwako amefungwa, Mungu amjalie aondoke kwa miguu yake, anacheka na mtani wake njiani.