Kengele ya Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajafungua droo, mama mdogo alifuta kioo cha dirisha lake. Alifuta upande wa ndani tu. Upande wa nje, wenye vumbi na alama za vidole vya watu, hakuugusa. Ukimuuliza, anasema, "Wa nje ni wa bosi. Mimi nalipwa kukaa ndani."

Ndivyo alivyokuwa, mdogo wake mama: mfupi, sauti nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kazi yake ilikuwa duka la kubeti, anapokea hela na kutoa tiketi. Mimi nimekaa kwake tangu nilipoacha shule, na mchana nilimpelekea chakula. Sikuwa naingia. Bango la mlangoni linakataza walio chini ya miaka kumi na minane, na mama mdogo alilishika kuliko aliyelibandika. "Hapo hapo kizingitini," ananiambia. "Mguu ukivuka, chakula unarudi nacho." Basi nilisimama kizingitini, na kutoka kizingitini mtu huona mengi.

Mtaani wanasema alifukuzwa, tena kwa kichaa. Hakufukuzwa, wala hana kichaa. Nilikuwepo.

Mgeni wa kubeti utamjua tu. Anaukodolea macho ubao wa mechi, shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Siku hiyo mgeni alikuwa fundi bomba, mtu mzima, spana bado iko mfukoni.

"Dada, nataka kubeti, ila haya madude yenu siyaelewi."

"Sogea, kaka. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kulipia usichokijua. Moja ni mwenyeji ashinde. Mbili ni mgeni ashinde. Hii ya katikati ni sare."

"Nikiogopa je?"

"Ukiogopa unachukua mbili kwa mpigo: mwenyeji ashinde au watoke sare, vyote vyako. Ila malipo yanapungua. Hapa hata woga unalipiwa."

"Na hizi namba za pembeni?"

"Hizo ndizo odi. Ukiweka mia kwenye odi ya mbili, ikitiki unapewa mia mbili, na humo ndani mia moja ni ile ile yako. Odi ikiwa kubwa usichekelee. Maana yake wenye duka hawaamini kama itatokea."

Fundi akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Hapa mmeandika mabao mawili na nusu. Nusu bao linafungwaje, dada? Mpira ukinasa kwenye mstari?"

Duka zima likaangua kicheko. Mama mdogo hakucheka. "Nusu haifungwi. Imewekwa ili tusibishane. Unajumlisha mabao ya timu zote mbili. Yakifika matatu, kapata aliyesema zaidi. Yakiishia mawili, kapata aliyesema pungufu."

"Na mkeka?"

"Mkeka ni mechi nyingi kwenye tiketi moja. Odi zinazidishana, unaanza kujiona tajiri. Lakini mechi moja ikikataa, zote zimekufa. Anza na mechi moja, kaka, kwa hela ambayo hata ikipotea usingizi unakuja."

Fundi akachagua mechi yake moja. Alikuwa anahesabu sarafu pale bosi alipotokea chumba cha nyuma, funguo zikizunguka kwenye kidole. Juu ya dirisha ilining'inia kengele ya shaba. Mtu akishinda inapigwa, mtaa usikie. Bosi akavuta kamba.

"Mshindi! Mkeka wa mechi kumi umetiki!"

"Nani?" mama mdogo akauliza.

"Yuko huko nyuma, anahesabu zake."

Huko nyuma kuna ndoo na fagio tu. Fundi hakujua hilo. Mkono wake ukarudi mfukoni, ukatoka na noti alizopewa na mteja za kununulia koki.

"Dada, nipe mkeka kama wa huyo."

"Kaka, chukua ile moja."

"Si umesikia mwenyewe? Nipe."

Akampa. Sijawahi kuona mkono wake ukienda polepole vile.

Watu walipopungua, bosi akaegemea dirisha lake. "Nimekuajiri uuze tiketi, sio ufungue shule. Kuanzia kesho kengele utaipiga wewe. Kila biashara ikipoa, unapiga."

"Kengele ni ya mshindi, bosi."

"Kengele ni yangu. Kesho ikikaa kimya, baki nyumbani uchambue mchele."

Jioni nikamuuliza kodi ya chumba tutalipa na nini, maana riziki yetu sote ilikuwa pale dirishani. Alikuwa anavua viatu. "Aliyepoteza kwangu alijua anachofanya, nilimweleza," akasema. "Bosi nimemuuzia mkono. Uongo sijamuuzia."

Kesho yake alifuta kioo, upande wa ndani. Nilipofika na chakula, watu walikuwa kwenye foleni na tiketi zao za jana, zikaguliwe. Wa mbele alikuwa fundi bomba. Mama mdogo akaikagua tiketi, akasimama, akavuta kamba mpaka kengele ikagonga ukuta.

"Mechi kumi! Tisa zimekubali, moja imetoka sare! Kakosa!"

Watu wakatazamana. Akafuata mwingine. "Huyu alisema timu zote mbili zitafunga! Imefunga moja! Kakosa!" Kengele. "Huyu timu yake imeshinda, ila kwenye muda wa ziada! Sisi tunahesabu dakika tisini na zile za majeruhi tu! Kakosa!" Kengele.

Wapita njia wakaingia mbio wakidhani pesa zinamwagwa. Walioliwa hela nao wakaanza kudai haki yao. "Dada, na mimi nipigie! Nimepigwa vibaya kuliko huyo!"

Fundi bomba peke yake hakucheka. "Kwa hiyo jana," akasema, "nani alishinda?"

Watu wakageukia dirishani.

"Muulize mwenye kengele," mama mdogo akajibu.

Mwenye kengele alikuwa ameshatokea, jasho kipajini. "Wewe! Unafanya nini?"

"Ulisema isikae kimya."

"Nilisema ya washindi!"

"Nimewatafuta, bosi. Wa jana ulimficha kwenye ndoo?"

Bosi akaona macho ya watu yote yako kwake. Akashusha sauti. "Kaa, mama. Tutayamaliza ndani. Hata mshahara nitaangalia." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Alibembelezwa.

Mama mdogo akafunga droo, funguo akaziacha juu ya kaunta, akatoka nyuma ya dirisha kwa mlango wa pembeni, na kile kitambaa cha kufutia kioo. Akakitia kwenye kiganja cha bosi.

"Shika. Na wa ndani sasa ni wako."

Akavuka kizingiti nilipokuwa nimesimama, akachukua bakuli mkononi mwangu. "Tutakulia mbele ya safari," akasema.

Tulipofika kona, kengele ikalia nyuma yetu. Hakugeuza shingo. Na pale hajarudi.