Rehana na Gunia Linaloitwa Shahidi

Saa mbili na nusu asubuhi, baridi ya Makambako bado inauma, lakini Rehana Halfan amekunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko. Mbele yake baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu. La nyuma limezibwa pancha na linasubiri kurudishwa. Saa nne baiskeli hiyo itaingia kwenye mbio za mizigo za siku ya soko, ikiwa na kilo hamsini za viazi.

"Taratibu, fundi," anasema mwenye baiskeli, Festo, mkulima wa kijiji cha Kichiwa. "Nisije nikafika mbinguni kabla ya sokoni."

Watu wanaangua kicheko. Rehana anatabasamu tu, na ana sababu. Mwaka jana, katika mbio hizihizi, gurudumu alilolifunga yeye lilimwangusha Festo huyuhuyu.

"Nilikuwa na haraka," anasimulia mama huyo wa miaka 36, akiuvalisha mnyororo kwenye meno ya gurudumu. "Nilikaza nati ya kulia mpaka mwisho, ndipo nikaenda ya kushoto. Gurudumu likakaa kombo kidogo, lakini nilipolizungusha likazunguka vizuri kabisa. Kumbe baiskeli tupu haisemi ukweli."

Mlimani, chini ya uzito wa gunia la viazi, gurudumu lilihama upande na mnyororo ukachomoka. Festo alivunjika mfupa wa bega, akakaa miezi mitatu bila kushika jembe. Rehana, aliyezoea kupokea baiskeli kumi kwa siku, akaanza kupokea mbili.

"Wakasema mwanamke na spana wapi na wapi," anakumbuka. "Lakini marehemu baba alinifundisha kazi hii kule Kondoa, na hakunifundisha kukimbia kosa. Nilikwenda Kichiwa, nikamwomba Festo radhi mbele ya mkewe."

Aliporudi alijaza mchanga kwenye gunia, kilo hamsini. Tangu hapo hakabidhi baiskeli aliyoifunga gurudumu la nyuma bila kuipanda mwenyewe, gunia likiwa nyuma. Wateja wamelibatiza gunia hilo jina: Shahidi.

Sasa anausukuma mhimili wa gurudumu hadi kwenye nafasi zake mbili za fremu. Anazikaza nati kwa vidole tu kwanza. Anachungulia kama gurudumu limekaa katikati, kisha anakaza kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia tena. Anabonyeza mnyororo, unabonyea kidogo, haulegei wala haujakazwa kama uzi wa gitaa. Anarudisha breki, anaijaribu mara tatu.

"Shahidi aje!" anapaza sauti mtu. Baiskeli inageuzwa, na gunia linafungwa nyuma.

Rehana anapanda, anashuka mteremko kwa kasi, watu wakimpisha. Chini kabisa anabana breki. Baiskeli inasimama palepale. Anarudi akihema, anapima nati upya, anaongeza robo mzunguko upande wa kushoto.

Kwa nini Festo amerudi kwa fundi aliyemwangusha?

"Aliyekosea akakubali, kosa lile halirudii," anajibu Festo. "Haya, fundi. Tuonane sokoni."

Saa nne na dakika arobaini soko zima liko barabarani. Cresensia, mke wa Festo, ameziba macho kwa kanga. Rehana ameshika spana kwa mikono miwili.

Wa kwanza anapita. Halafu, juu ya mteremko, anatokea Festo! Viazi vimetulia nyuma yake, gurudumu limenyooka, na makelele yanapanda mpaka juu ya mabati. Anamaliza wa pili, anabana breki, anasimama wima.

Rehana hamtazami mshindi wala Festo. Anachuchumaa nyuma ya baiskeli na kuweka spana kwenye nati ya kulia, kisha ya kushoto. Hakuna iliyosogea hata unywele. Machozi yanamtoka huku akicheka, na hajali nani anamwona.

"Wanawake wa Kichiwa wanabeba viazi kwa baiskeli, gurudumu likitoka wanatembea kutwa," anasema akijifuta kwa mkono wenye grisi. "Nataka nikawafundishe walifunge wenyewe."

"Njoo Jumamosi," anadakia Cresensia, kanga ikiwa imeshuka mabegani. "Mwanafunzi wa kwanza ni mimi. Ila hilo gunia lako la mchanga liache."

"Kwa nini?"

"Kwetu tutapima kwa viazi. Na wewe ukiendesha, nyuma ya viazi nitakaa mimi."