Sauti Niliyotuma Bila Kusikiliza

Mpaka leo nikipita soko la Mulongwe kuna watu wazima, wenye wake na watoto, ambao wakiniona tu wanafumba macho na kuinamisha kichwa begani kama wamelala, halafu wanacheka hadi wanashika mbavu, nami nacheka nao huku moyoni natamani ardhi ipasuke inimeze. Basi bora niwaeleze mwenyewe, maana wanaoisimulia mitaani wanatia chumvi (eti nilimmwagia mtu oili mdomoni, uongo mtupu, hatukufika huko).

Mimi ni Fundi Safari, nina garaji Kasenga, na garaji yenyewe ni mabati machache na shimo. Wakati ule garaji ndogo zote za Uvira zilikuwa zinakufa, kwa sababu upande wa Kavimvira ilifunguliwa garaji kubwa yenye kompyuta inayochomekwa kwenye gari ikataja ugonjwa, na wateja wetu wakakimbilia huko, hata shemeji yangu, ambaye nilikuwa namtengenezea breki bure! Nilikuwa nimeanza kuuza spana zangu. Ndipo sisi mafundi wadogo, kuanzia Kavimvira mpaka Makobola, tukaungana: mmoja wetu anatumwa Bukavu kwenye formasyo, akirudi anatufundisha wote Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Tukafungua na grupu kwenye simu. Fundi akishindwa na gari anarekodi mlio wa moteri, anautuma, wenzake wanasikiliza na kusema ugonjwa. Msicheke, tuliponya magari mengi kwa masikio tu, na Fundi Elia wa Makobola, mkubwa wetu, akisikiliza moteri kidogo anaweza kukwambia hata dereva alikula nini.

Sasa kulikuwa na Muzee Byamungu, mwenye malori yanayobeba mihogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kati ya Fizi na Uvira. Akatuambia, "Jumamosi nitakuya kwa formasyo yenu na bibi yangu. Nikiona muko munajua kazi, malori yangu yote iko yenu. Nikiona ni muchezo, minye naenda kwa kompyuta." Malori yale yangetulisha sote. Hata Fundi Elia alifua salopeti yake ya kazi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Jumamosi alfajiri Muzee akafika kwangu na lori moja bovu. Ugonjwa wake ulikuwa wa asubuhi tu: moteri ikiwa baridi inaunguruma vibaya kisha inazima, ikishapata moto inakuwa mtoto mzuri. Kwa hiyo ilibidi nirekodi pale pale, ili mchana tuusikilize mlio mbele yake kwenye bafle, ile spika kubwa ya kwaya. Muzee alikuwa ametoka Fizi usiku kucha, kwa barabara ile ya mashimo mnayoijua, akasema hashuki, atanisubiri humo humo kabini. Nikaweka simu juu ya dashibodi, nikaanza kurekodi, nikawasha gari, nikaruka chini kufungua kapo, mfuniko wa moteri. Moteri ikaunguruma kidogo, ikazima. Nikabaki mbele nikichungulia hiki na kile (na kupiga soga na mama wa mandazi, nisiwafiche), niliporudi simu bado inarekodi na Muzee amelala fofofo, kofia usoni.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Grupu inataka mlio mfupi, basi nikakata mwanzo, wenye mlango na kikohozi changu, nikakata na mwisho, nikabakiza katikati. Nilitaka kusikiliza kwanza, kweli. Lakini mimi nimelelewa jamani, mzee amelala, mgeni wangu, tegemeo la garaji zote, halafu mimi nipige kelele za simu puani mwake? Na mtandao nao ndio kwanza umerudi, na mtandao wa kwetu ukirudi huulizi maswali. Nikanyata, nikashuka, nikatuma.

Kabla sijamaliza kunawa, majibu yakaanza kumiminika. "Iyo ni pompi ya mazutu," wa kwanza, yaani pampu ya dizeli. "Pompi wapi! Pistoni imelegea, sikia namna inapiga," wa pili. Wa Kalundu akaandika, "Iyi gari iko hatari, musiipandishe mulima." Mimi nikafurahi, nikaona leo Muzee atatukoma.

Mchana ukumbi ulijaa. Muzee alikaa mbele, pembeni yake mkewe, Mama Neema, mwanamke wa maneno machache. Nikasimama na kutangaza kwa sauti ya mwalimu kwamba sisi kompyuta hatuna ila tuna masikio mengi yanayosikia pamoja (walinipigia makofi!), kisha nikasema, "Sasa sikilizeni moteri ya Muzee."

Bafle ikatoa "khrrrrrr" nzito, ndefu, madirisha yakatetemeka. Ikanyamaza kabisa. Halafu ikaruka "pwaa!" na kuanza upya. Naapa sikuitambua. Nilidhani tu kwamba moteri ina hali mbaya kuliko nilivyosikia asubuhi, nikairudisha mwanzo ili wote wanufaike. Mafundi wakasogeza viti, mmoja akaenda ubaoni kuchora pistoni, mwingine akaifuta, karibu washikane mashati. Muzee mwenyewe akakunja uso. "Kumbe gari yangu iko inateseka hivi?"

Fundi Elia akainua mkono. "Munakosea wote. Pompi iko muzuri, pistoni iko muzuri. Iyi moteri inakosa hewa. Inavuta, njia inafunga, inasimama, halafu inajilazimisha. Mukiiacha hivi, siku moya itazima na haitawaka tena."

Mama Neema akasimama taratibu. "Fundi Elia, weye ndiye fundi. Iyo moteri minye ninalala nayo tangu ndoa yetu, na kila asubuhi inaniapia kama haikorome."

Hapo nikakumbuka kwamba asubuhi moteri ilizima mapema; kumbe niliikata pamoja na mwanzo. Na bafle, ambayo nilikuwa nimesahau kuizima, ikatoa "khrrrr" nyingine, na nyuma yake, safi kabisa, sauti ya Muzee akiota: "Ndagala... ongeza ndagala..."

Ukumbi ulipasuka. Fundi wa Kalundu alianguka na kiti chake. Muzee hakucheka, alivaa kofia, akatoka, na mimi nikaona malori yote yakitoka pamoja naye, nikaona na macho ya wenzangu yakinigeukia, nikatamani kulia.

"Mukae," akasema Mama Neema. "Malori iko yetu sisi wawili. Miaka yote namwambia aende kwa munganga, anakataa, eti minye ndiye ninaota. Leo mafundi wote wa Uvira wamesikia. Wiki inayokuya gari zitaanza kuingia kwenu, na yeye ataingia hospitali."

Akaingia kweli. Daktari akasema pumzi inakatika usingizini, njia ya hewa inafunga, karibu maneno yale yale ya Fundi Elia, na matibabu akaanzishiwa. Lori nalo nilipolifungua, filtre ya hewa ilikuwa imeziba kwa vumbi la Fizi, kwa hiyo Elia alipatia wagonjwa wawili kwa sauti moja, na mpaka leo hatupumziki na majigambo yake.

Mimi nimeapa: situmi sauti kabla ya kuisikiliza mwenyewe, hata aliyelala pembeni awe gavana. Na Muzee? Malori yake bado analeta, ila akiniona tu natoa simu, anashuka bila kuambiwa, anavuka barabara na kusimama ng'ambo kule, mdomo ameufunga, mpaka nimalize.