Gari la Kumpandisha Dada Mlimani

Gari liliingia kwenye ua wa jirani taratibu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa.

Ndani tulikuwa wawili. Mimi kwenye usukani, bibi wa miaka sabini na kitu, na pembeni yangu dada yangu, ambaye amenitangulia kuzaliwa.

Matawi yalipoanza kukwaruza kioo, dada akauliza kwa upole, "Tumefika?"

"Bado. Tumesimama kidogo."

"Mbona kuna majani?"

Nilikuwa bado nimekamata usukani kwa nguvu zangu zote, nauzuia usizunguke.

Ngoja niwaeleze.

Nimeshona nguo kwa cherehani ya miguu tangu usichana. Cherehani ukitaka isimame, unatuliza miguu na kulishika gurudumu lake kwa mkono. Basi, imetulia. Siku ile nilitaka gari lisimame. Nikanyanyua mguu, nikakamata gurudumu lililokuwa mbele yangu.

Breki hata haikunijia akilini.

Na gari ambalo gia zinajibadilisha zenyewe halijui mambo ya cherehani. Ukiliachia, linatambaa. Likatambaa mpaka uani kwa watu.

Jirani akatoka na kikombe mkononi. Ni mzee mstaafu, na ua ule anaukata kwa mkasi kila wiki kama anamnyoa mtu. Akatutazama sisi, akautazama ua.

"Hapo hapo ndipo nilipotaka kupapunguza," akasema. "Umenisaidia, mama."

Uongo mtupu, lakini uongo wa huruma. Sijausahau.

Sasa mtauliza, kizee kama mimi alikuwa anatafuta nini kwenye usukani.

Nyumba yetu iko juu kabisa ya mlima wa changarawe. Wakati wa kiangazi unapanda ukihema. Mvua zikianza, magari ya kukodi yanagoma. Dereva anakushusha chini na kukutakia kila la heri.

Dada alikuja kuishi nami alipofiwa na mumewe. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Goti lake moja ni la kubembelezwa. Pikipiki hapandi. Na kliniki ya macho iko mjini.

Mwanangu wa kwanza ni dereva wa lori. Yeye ndiye alikuwa anamshusha na kumpandisha. Lakini safari za lori zinajulikana. Ikafika mahali dada akawa anakosa kliniki kwa sababu mwanangu yuko mbali.

Siku moja akaja, akakaa sebuleni, akawa anazungusha kofia yake mikononi. Nikajua kuna neno.

"Mama, hamieni kwangu. Wewe na Mama Mkubwa. Hapa tupafunge."

"Nyumba hii aliijenga baba yako."

"Najua. Matofali nilibeba mimi."

"Na mimi nikimpeleka dada mwenyewe?"

Akacheka. Halafu akaniona sura, akaacha kucheka.

Leseni nilikuwa nayo. Nilisoma chuo cha udereva uzeeni, watu wakadhani natafuta la kupotezea muda. Ila niseme kweli, gari la chuoni lilikuwa na breki mbili, moja yangu na moja ya mwalimu. Nadhani iliyofanya kazi zaidi ni ya mwalimu.

Mwanangu akafikiri sana. Mwisho akasema, "Haya. Mtoe Mama Mkubwa barabara ya lami mpaka mlangoni hapa, mimi nikiwa nje ya gari. Ukiweza, nyumba ni yenu na sitasema tena. Ukishindwa, mnahama kabla ya mvua."

Tukapeana mkono kama wafanyabiashara.

Kazi ikabaki moja. Gari.

Hapo ndipo wanangu walipoanza.

Mkubwa akaleta gari dogo la dizeli. Kwa macho ni gari la kawaida, la mtu wa ofisini. Lakini fundi wake alikuwa ameichezea kompyuta ya injini, akaliongezea nguvu, basi ndani ya kile kijigari mlikuwa na roho ya lori.

Kitinda mimba wangu naye akaleta la kwake. Huyu tunamwita Kishada, kile cha karatasi kinachorushwa angani, maana tangu utoto hakai chini. Anaishi mjini, anafunga umeme kwenye majengo, na siku za mapumziko anashindana mbio za magari na wenzake kwenye uwanja uliofungwa. Gari lake ni la petroli, limeinama chini kama paka anayenyemelea, na matairi yake ni mapana.

Wakaegesha chini ya mlima, karibu na kwa jirani yule, pua kwa pua.

"Kaka, hili ni lori lililonyimwa bodi," Kishada akasema.

"Na hilo lako ni pikipiki iliyovaa suti."

"Linavuta sigara, ona moshi huo."

"Afadhali sigara. Lako linakunywa kama limealikwa harusi isiyo yake."

"Linakunywa lakini linatii. Mama akikanyaga kidogo, linaenda kidogo. Akikanyaga sana, afunge mkanda. Hilo lako ukilikanyaga linaanza kutafakari."

"Halitafakari. Linavuta pumzi. Likishavuta, mlima wenyewe unasogea."

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha jirani, anasikiliza kama anasikiliza redio. "Wamekua," akaniambia, "lakini hawajabadilika."

Nikaanza na la dizeli. Kilichotokea mnakijua, ua wa watu.

Nikajaribu la petroli.

Jamani, mguu wangu ulicheka. Lilikuwa kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta. Unagusa, linaenda. Unaacha, linapoa. Nikazunguka pale kwenye tambarare nikijiona binti.

Na kuna jambo niliona. Ubavuni pale palipokuwa na namba yake ya mashindano, palikuwa na alama ya gundi. Kishada alikuwa ameibandua. Na kwenye kiti aliniwekea mto ili nione mbele. Mtoto alikuwa anatoa kitu anachokipenda na hataki nijue.

"Chagua, Mama," akasema. "Ukilitaka, ni lako."

Moyo wangu ukaenda kwa petroli moja kwa moja.

Kisha tukajaribu mlima.

Matairi yakazunguka, changarawe zikaruka, gari likabaki pale pale likinguruma. Lilipopata nguvu ya kusogea, tumbo lake likaburuza kwenye jiwe. Kishada alifumba macho kama ni mgongo wake uliokwaruzwa.

"Haidhuru, Mama," akasema. Lakini nilipogeuka nilimwona amepiga magoti, anapapasa chini ya gari kama anayembembeleza mtoto aliyeanguka.

Tukarudi kwa dizeli.

Nikakanyaga. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza tena, mara likashika, tukaruka mbele na kilemba cha dada kikamwangukia puani.

"Hili linapiga chafya," dada akasema kutoka ndani ya kilemba.

Safari hii breki niliikumbuka.

Basi uchaguzi wangu ukawa huo. La upole haliwezi mlima, na linaloweza mlima halina upole. Nililiwaza jambo hilo siku nzima. Nikimwazia dada, nikiziwazia zile mvua, nikaona sina njia. Nikachukua dizeli.

Kishada akakunja midomo kama anataka kulia, kumbe anacheka. "Umechagua sawa, Mama. Mimi ningekuja kulitembelea kila siku, ningewachosha."

Nikaanza mazoezi. Mwanangu akiwa hayupo, Kishada ananisimamia. Kishada akiwa kazini, jirani anatoa kiti chake nje, anakaa mbali na ua.

Na dada, kila siku, alikuwa anapanda pembeni yangu. Nilimwambia abaki nyumbani, akakataa.

"Utajifunzaje kumbeba mtu bila mtu?"

Shida yangu ilikuwa kile kipindi cha kimya. Gari la namna ile lina kipulizo kinachoisukumia injini hewa, wenyewe wanakiita tabo. Mpaka tabo iamke, unadhani gari limekufa. Ikiamka, inaamka na hasira.

"Mama, usimfokee huyu," mwanangu akaniambia siku moja, akiligusa gari. "Mkanyagie mapema, kabla ya mwinuko, halafu msubiri. Akishaanza kuvuta, mpunguzie. Ni kama mtu mzito wa kuamka. Ukimwita kwa sauti mara kumi, anaamka na ugomvi."

"Kama wewe ulipokuwa unasoma."

"Ndiyo. Kama mimi."

Taratibu nikamwelewa. Namkanyagia pale penye mtaro, kabla ya mwinuko, nasubiri, nasikia filimbi ndogo ndani ya injini, namlegezea. Anapanda. Siku nyingine nasahau, tunapiga chafya wote watatu, mimi, dada na gari.

Siku ya mtihani ikafika, mawingu yameshaanza kujikusanya.

Kishada alitangulia juu mlangoni. Jirani alivaa shati la kutokea. Mwanangu akanifungia mlango, akaupigapiga mara mbili.

"Mimi nitatembea nyuma tu," akasema. "Kunyoosha miguu."

Nikaondoka. Nikakanyaga penye mtaro. Kimya.

"Ameshavuta?" dada akauliza.

"Bado."

Mwinuko ukaja.

"Sasa?"

Filimbi ikalia. "Ameshavuta."

"Mpunguzie basi, mdogo wangu."

Nikampunguzia. Tukaanza kupanda, taratibu, kama watu wanaojua wanakokwenda.

Kwenye kona nikatupa jicho kwenye kioo. Nikamwona mwanangu anakuja nyuma yetu, jasho linamtoka, amebeba jiwe kubwa kifuani kwa mikono miwili.

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Lilikuwa jiwe la kuwekea tairi, tukianza kurudi nyuma.

Yule yule aliyetaka kutuhamisha. Alibeba lile jiwe mlima mzima ili tusishindwe.

Nilitaka kulia, lakini mlima ule haupandwi na mtu anayelia.

Tukafika. Nikakanyaga breki, vizuri kabisa, gari likatulia mbele ya mlango wangu. Kule chini nikasikia jirani anapiga makofi peke yake.

Mwanangu akafika anahema, akalitua jiwe, akainama dirishani.

"Haya, Mama. Mkono wangu nilishakupa. Nyumba ni yenu."

Nikazima gari. Nikashuka. Nikazunguka kumfungulia dada.

Hakushuka.

"Dada, tumefika."

"Najua. Umeendesha vizuri sana. Hongera." Akaweka mikono yake juu ya mkoba. "Sasa tushuke mjini."

"Mjini kufanya nini? Kliniki si leo."

"Kwa Kishada. Nikae huko."

Nikadhani amechoka. Nikamwambia taratibu, "Dada, mlima tumeushinda. Hatuhami tena."

"Wewe huhami. Mimi nilitaka kuhama tangu mwaka jana."

Mwanangu akakaa juu ya jiwe lake.

"Hapa juu nasikia vitu viwili," dada akasema. "Upepo na cherehani yako. Upepo siuelewi, na cherehani ukiwa juu yake hunijibu. Kwa Kishada dirisha liko karibu na njia. Watu wanapita, wanasalimiana, wanagombania bei, mtoto anafokewa, muuza vitunguu anajibizana na mteja. Mimi macho yangu ndiyo hayo. Nataka kusikia watu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kila siku unasema nyumba yetu, nyumba yetu. Nikiondoka ningekuacha peke yako juu ya mlima ambao huwezi kuushuka wala kuupanda. Nikasema ngoja huyu mdogo wangu ajifunze kwanza."

Ndipo nikakumbuka zile siku zote za mazoezi, goti lake linauma, kilemba kinamwangukia, na hakukosa hata moja.

"Mimi nilikuwa nang'ang'ana kwa ajili yako," nikamwambia.

"Najua. Na mimi nilikuwa navumilia kwa ajili yako. Tumechoshana bure."

Kishada alianza kucheka kwanza. Akakaa chini kabisa kwenye changarawe. Kaka yake akamfuata. "Tumegombania dizeli na petroli mpaka mate yamekauka," akasema, "na abiria mwenyewe anataka kushuka."

"Na nikifika chini," dada akasema, "nihamishiwe kwenye lile la Kishada. Hili ni zuri, lakini mimi nataka lile linalokimbia."

Tulimshusha jioni ile ile. Kishada ananiambia walipoingia kwenye lami dada alimgusa mkono na kusema, "Ongeza kidogo."

Mimi nilibaki. Sitadanganya, wiki ya kwanza nilikuwa naandaa vikombe viwili, kimoja nakirudisha kabatini. Lakini kila Ijumaa nawasha dizeli langu, nashuka mjini. Namkuta dirishani anawajua wapita njia wote kwa sauti zao, na wao wanamwita bibi. Tunaongea mpaka koo linakauka. Tulipokaa na cherehani na upepo hatukuwahi kuongea hivyo.

Akitaka kuja, nampandisha. Akitaka kurudi, namshusha. Mvua zimekuja na kupita, na hajakosa kliniki tena.

Wapendwa, naona vijana mnabishana humu kundini kila siku, dizeli ina nguvu, petroli ina mbio, hili linavuta, lile linatii. Bishaneni tu, raha yenu hiyo. Yote mawili ni magari mazuri, nimeyaendesha mwenyewe.

Ila kabla hujachukua ufunguo, mgeukie aliyekaa pembeni yako umuulize anataka kwenda wapi. Muulize kwa mdomo, na unyamaze kidogo ili akujibu.