Godoro la Ouma

Siku yangu ya kwanza kazini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Afisa wa Probesheni wa Wilaya alinipokea kwa rundo la faili na onyo. "Wewe ni mtu wa Voi. Hapa uliza kwanza, uandike baadaye." Niliitikia upesi. Nilikuwa msomi, kuuliza kungenishindaje?

Kazi yetu ilikuwa kuwarudisha kwao waliomaliza kifungo. Kabla mtu hajatoka, afisa aliandika ripoti ya nyumbani, yaani alikwenda kwa jamaa na kwa chifu kuuliza kama wanamkubali. Faili yangu ya kwanza ilikuwa ya Ouma, aliyefungwa kwa kuiba injini ya mashua. Nilifika kwao Kisian nikamkuta mama yake, mjane.

"Aje tu," alisema. "Ni mtoto wangu."

Chifu naye alikubali. Nikaandika kwamba Ouma atakaa katika nyumba ya mama yake, nikapiga mhuri.

Siku ya kuachiliwa nilimpeleka kwa gari la ofisi, na godoro jipya nyuma. Nilikuwa nimelibeba kuelekea mlango wa mama, baba mdogo wa Ouma akanizuia.

"Bwana afisa, mwanaume mzima hivi analala kwa nyumba ya mama? Unataka kutuletea chira?"

Chira ni balaa linalomkondesha mtu aliyevunja mwiko hadi afe. Kwa Wajaluo kijana akishakua hulala katika simba, kibanda chake mwenyewe, na simba ya Ouma mchwa walikuwa wameimaliza. Mama alikuwa amemkubali mwanawe kwa moyo wote. Mimi ndiye sikumuuliza atalala wapi.

Majirani walikuwa wamejaa uani, na mwenye ile injini alikuwemo. Ouma aliangalia chini.

"Nirudishe jela, afande," alisema. "Huko kitanda yangu iko."

Sijawahi kuona haya vile. Usiku huo Ouma alilala stoo ya kanisa, nami nilijua asipopata kwake haraka ataishia mjini, mtaa wa Kondele, kwa wenzake wa zamani wa wizi. Baba mdogo alitoa miti ya kujengea simba mpya. Mimi nilikanyaga udongo wa kukandika kuta nikiwa na suruali yangu ya ofisi, akina mama wakinicheka. Wiki ya pili Ouma akahamia.

Sasa nimestaafu. Ouma hakufungwa tena. Tukikutana soko la Otonglo hunisalimia kwa heshima, lakini kwake hajanikaribisha hata siku moja. Simlaumu. Alifika kwao mtu huru, nami nikamfanya aombe jela mbele ya mama yake.